Jibu: Mbegu moja, vipimo tofauti
Mkuu, umeuliza kwa nini bangi ya mbegu moja, iliyovunwa kwa kupishana wiki mbili, imetoa majibu tofauti maabara. Hapo hakuna maajabu, ni umri wa ua. Chukua lenzi uangalie vile vinyweleo vyenye kichwa kama cha pini. Vikiwa vichanga vinang'aa kama kioo. Vikikomaa vinakuwa vyeupe kama maziwa, na hapo ndipo THCA, asidi inayogeuka kuwa THC (kilevi cha bangi) ikipata joto, huwa juu. Ukichelewa vinaingia rangi ya kaharabu: mwanga na hewa vimeanza kuigeuza THC kuwa CBN, kemikali nyingine ambayo hailevyi mtu kiasi hicho. Terpini nyepesi (kemikali za harufu) kama mirsini nazo huyeyuka hewani, harufu inapungua.

Kwa hempu, ile isiyolewesha, suala hili linagusa hadi sheria. CBD, kemikali isiyolevya inayotafutwa kwenye hempu, hupanda pamoja na THC, na Marekani tangu 2018 mwisho ni asilimia 0.3 ya THC kwa uzito mkavu. Anayengoja CBD iongezeke anaweza kuishia kuvuna zao la kuteketezwa.

Rangi peke yake mimi siiamini, lakini. Ua la juu na la chini kwenye mti huohuo hayakomai siku moja, kwa hiyo uliza kwanza sampuli zako zilichumwa wapi.