Kwa Mnaoanza Kubuni Wahusika wa Katuni za Watoto

Wengi wenu mnaingia katika kazi hii mkiwa tayari wachoraji hodari, na ndiyo maana somo la kwanza huwa gumu kulipokea: mhusika wa katuni hachorwi ili atazamwe akiwa ametulia, bali ili atembee, tena atembezwe na mikono ya watu wengine. Mchoro unaopendeza ukutani haumfai kitu mhuishaji, yaani mtu anayeufanya mchoro uonekane ukitembea, asipoweza kumgeuza mhusika huyo mgongo, kumkimbiza, kumliza na kumlaza kitandani.

Anzeni na umbo la nje. Kabla ya kugusa macho wala nguo, mjazeni mhusika wino mweusi mwili mzima, kisha mpangeni pamoja na wenzake waliojazwa vivyo hivyo. Ikiwa hamtambui papo hapo yupi ni nani, rudini mwanzo, kwa sababu rangi na urembo havitaliokoa umbo lisilojitofautisha. Katika filamu ya Up ya mwaka 2009, studio ya Pixar ilimjenga mzee Carl kwa pembe za mraba, kuanzia kichwa na miwani hadi kiti anachokalia, na mkewe Ellie ikamjenga kwa mviringo, kiti chake kikiwamo. Ellie anapofariki na kile kiti cha mviringo kikabaki kitupu kando ya kile cha mraba, hata mtoto asiyejua kusoma anaweza kuelewa nani hayupo.

Jambo ninalowasihi mlizingatie kuliko yote ni gharama ya kila mstari. Filamu hupita kwa picha 24 kila sekunde, na hata pale mchoro mmoja unaposhikiliwa kwa picha mbili, kama ilivyo kawaida katika katuni za kuchorwa kwa mkono, sekunde moja bado inadai michoro 12. Chukueni bibi aliyejifunga khanga yenye maua 30: tukio lake la sekunde 10 litahitaji michoro 120, yaani maua 3,600, na kila ua lifuate mkunjo wa kitambaa anapoinama au kugeuka. Hesabu za namna hiyo ni mojawapo ya sababu zilizowafanya wahusika wengi wa katuni za zamani za Marekani, akiwamo Mickey Mouse, kuwa na vidole vinne kila mkono. Simaanishi kwamba bibi avuliwe khanga yake, maana bila hiyo si bibi tena. Bakisheni pindo pamoja na ua moja kubwa la mji, yaani sehemu ya katikati ya khanga, na mtazamaji atajazia yaliyosalia.

Kompyuta imeibadilisha hesabu hiyo bila kuifuta. Pale viungo vya mwili vinapochorwa mara moja na kuunganishwa, madoa na mistari husafiri pamoja na mkono au mguu bila kuchorwa upya. Kwa njia hiyo, hata mtindo wenye nakshi nyingi kama ule ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga jijini Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 unaweza kubeba katuni, na ndio uliokuwa msingi wa Tinga Tinga Tales, mfululizo uliohuishwa Nairobi na kuanza kurushwa mwaka 2010. Ila gharama huhamia kwenye maungio: twiga anapoinamisha shingo, nakshi za shingo na za bega huachana, na ufa huonekana. Zungumzeni na mtu atakayeunganisha viungo hivyo kabla ya kukamilisha mchoro, si baada yake.

Mkishakubaliana, andaeni karatasi ya mhusika inayomwonyesha kwa mbele, kwa ubavu, kwa mshazari na kwa nyuma, kimo chake kikipimwa kwa idadi ya vichwa, pamoja na sura zake za furaha, hofu na hasira. Andikeni pia yasiyoruhusiwa, kwa mfano kwamba masikio hayapandi juu ya kofia hata anaposhtuka. Wahuishaji kumi wakiifuata karatasi hiyo, mtoto ataona mhusika mmoja.

Na mnapopeleka kazi zenu kuomba nafasi, msipeleke wahusika 20 waliosimama wima. Pelekeni mmoja akiwa anabeba ndoo iliyojaa, anaruka mtaro, anasinzia darasani na kuficha kitu nyuma ya mgongo.