Kwanza Tazama Mikono ya Mzee

Mhariri, swali lenu la wiki lilikuwa hili: ni kamera gani ya dijitali, rahisi kutumia na isiyo ya bei kubwa, inayomfaa mzazi au ndugu aliyekwisha kuwa mzee? Nimewahi kuinunua mara mbili kwa ajili ya baba yangu anayeishi Kibosho, juu ya mji wa Moshi, na mara ya kwanza nilikosea.

Kamera ile ya kwanza niliichagua kwa kusoma boksi. Baba ni mkulima wa kahawa mwenye miaka 76, na vidole vyake ni vipana na vigumu kwa kazi za kihambani, yaani shamba la nyumbani. Kitufe cha kuwashia kilikuwa ubavuni kabisa mwa kitufe cha kupigia, vyote vidogo kama punje ya choroko. Siku iliyofuata Krismasi aliwapanga wajukuu wanane mbele ya migomba, akawaambia watulie, akabonyeza, na lenzi ikarudi ndani: alikuwa ameizima. Alirudia mara tatu, kisha akanikabidhi kamera bila kusema neno. Iliniuma, kwa sababu wajukuu wale hukutana pale mara moja tu kwa mwaka.

Kwa hiyo nawasihi wasomaji wenzangu: nendeni dukani pamoja na mzee mwenyewe, aishike kamera, aiwashe na kupiga picha mbili tatu, nanyi mkae kimya mkitazama kidole chake kinakwenda wapi.

Jambo la pili ni macho. Wazee wengi hawaoni vizuri kitu kilicho karibu, hivyo hunyoosha mikono ili waone kioo cha kamera, na mikono iliyonyooshwa hutetemeka, picha ikatoka na ukungu. Tena jua la mchana likipiga kile kioo, hawaoni chochote. Ndiyo maana mara ya pili nilitafuta kamera yenye kitundu cha kuchungulia, ambayo huegemezwa usoni huku viwiko vimebanwa mbavuni. Nilipata Canon PowerShot A1400 ya mwaka 2013, iliyokwisha kutumika. Anayetaka mpya anaweza kuangalia Kodak PIXPRO FZ45, ingawa hiyo haina kitundu.

Zote mbili hutumia betri mbili za saizi ya AA, na kwangu hilo ni jambo kubwa. Kamera yenye betri yake maalumu humfanya mzee awategemee watoto: chaja ikipotea au betri ikichoka, kamera huishia kabatini. Betri za AA zipo hadi katika duka la kijijini. Lakini zile za bei ya chini za saa ya ukutani na rimoti haziwezi kuibeba kamera. Huisha baada ya picha chache, na mzee hudhani kamera imeharibika. Nunueni za alkali, au bora zaidi za kuchaji zilizoandikwa NiMH, seti mbili, moja ikae mfukoni.

Megapikseli, yaani mamilioni ya nukta zinazounda picha, zisiwasumbue: picha ya sentimita 10 kwa 15 haihitaji zaidi ya megapikseli 2 au 3. Kuhusu kuvuta karibu, hesabuni uvutaji wa lenzi pekee, kwa kuwa ule wa kidijitali hukata picha na kuipanua tu. Kamera ya mtumba ikiwa ya kabla ya mwaka 2006, ulizeni kadi ya kuhifadhia picha inayokubali, kwani nyingi za wakati huo hazisomi kadi inayozidi GB 2.

Kabla ya kumkabidhi, wekeni tarehe sahihi, fungeni kamba ya mkononi, kisha mfundisheni kubonyeza kitufe cha kupigia nusu, asubiri mlio wa kuonyesha kuwa lenzi imelenga, ndipo amalizie. Baba alihitaji siku mbili kuuzoea mlio huo. Sasa kadi ikikaribia kujaa huteremka nayo mjini mwenyewe, akasafisha picha anazozichagua yeye.