Mzinga wa 75/13 wa Julia: kwa nini ulikuwa mdogo hivyo?

SWALI: Nafuatilia historia ya Rejimenti ya 3 ya mizinga ya milimani ya Italia, ile ya divisheni ya Julia. Kila ninaposoma nakutana na "mzinga wa 75/13". Namba hizo ni za nini? Na iweje jeshi liingie Vita Vikuu vya Pili na kimzinga kidogo namna hiyo?

JIBU: Ndugu msomaji, namba ya kwanza ni kipenyo cha ndani cha mtutu kwa milimita. Ya pili ni urefu wa mtutu ukipimwa kwa kipenyo hicho hicho: 75 mara 13 ni milimita 975, yaani karibu mita moja tu. Mtutu mfupi haulipeleki kombora mbali, kama kilomita 8 tu. Lakini uliweza kuinuliwa sana, kombora likapaa na kushukia upande wa pili wa kilele, na milimani adui ndiko anakojificha.

Udogo huo ulipangwa na baghala, chotara wa punda na farasi, ndiye aliyeubeba mzinga milimani. Mzinga wenyewe ulikuwa wa Austria, kazi ya kiwanda cha Škoda, na Waitalia waliupata kama ngawira katika Vita Vikuu vya Kwanza. Ulikuwa na uzito wa kilo 600 na ushei, ukifunguliwa vipande 7. Piga hesabu: kila mnyama anabeba wastani wa kilo zisizofika 90, na hapo hujaweka tandiko. Ukirefusha mtutu, kipande kimoja kinamshinda mnyama na mzinga mzima unabaki bondeni. Penye mwamba asipopita hata baghala, askari walijitwika wenyewe. Hawakuchaguliwa vijana dhaifu kwa kazi hiyo.

Tarehe 28 Oktoba 1940 Julia ilivuka kutoka Albania kuingia Ugiriki, ikipanda milima ya Pindus. Mizinga ilifika pasipo na barabara, kama ilivyokusudiwa. Kilichowakwamisha ni kwamba makombora na chakula navyo vilitegemea migongo ile ile, katika mvua na tope, huku Wagiriki wakiwazunguka. Novemba wakarudi nyuma kwa hasara kubwa.

Urusi ndiko mambo yalikoharibika kabisa. Mwaka 1942 wanajeshi wa milimani walitarajiwa kupigana kwenye milima ya Kaukazi, wakaishia kando ya mto Don, kwenye uwanda mtupu. Huko hakuna kilele cha kurushia kombora, na dhidi ya vifaru vya Wasovieti mzinga huu ulikuwa hoi. Katika mafungo ya Januari 1943 mizinga mingi iliachwa kwenye theluji. Kwa maoni yangu mzinga hauna kosa. Wa kulaumiwa ni wakuu waliowapeleka watu wa milimani kupigana tambarare.

 

Baada ya vita, katika miaka ya 1950, kiwanda cha silaha cha Italia, OTO Melara, kilitengeneza mzinga wa 105/14. Huu ulifunguliwa vipande 12 na kufika zaidi ya kilomita 10. Baghala wa jeshi la Italia waliondolewa mwaka 1993, na leo Rejimenti ya 3 iko Remanzacco, karibu na Udine, ikiwa na mizinga ya milimita 155 inayovutwa kwa malori. Ila 105/14 ulinunuliwa na majeshi mengi, la Uingereza likiwemo, kwa kuwa mzinga mwepesi hivyo hubebwa hata na helikopta.