Unga wa kapsuli hauponyi kidonda

SWALI: Asalaam aleikum daktari. Mimi ni mvuvi wa Kizingitini. Nilichanwa na matumbawe kifundoni, sasa ni wiki ya tatu. Nimemeza amoksilini za dukani, nyingine nikazifungua nikanyunyizia unga wake. Juu pakakauka, lakini pamevimba tena na panatoka usaha. Naona mwili umeizoea dawa. Ninunue ipi iliyo kali zaidi?

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu. Usinunue yoyote. Mwili hauzoei antibiotiki. Wanaozizoea ni bakteria, na hao huhama: mkeo akikufunga kidonda, mtoto akijifuta kwa taulo lako, huwapata wakiwa tayari ni sugu.

Huo unga ndio unaonikera, maana nauona kila mara, Faza hata Lamu mjini. Kapsuli imetengenezwa ifunguke tumboni, dawa iingie kwenye damu. Ukiimwaga juu ya kidonda hushikana na majimaji ikawa gamba, usaha ukafungiwa chini. Tena stafilokokasi, bakteria wanaoongoza kwenye vidonda, wengi wao hutoa kimeng'enya kinachoivunja amoksilini hata ukiimeza ipasavyo. Na ukali si kimbilio. Methisilini ilianza kutumika Uingereza mwaka 1959 dhidi ya stafilokokasi walioishinda penisilini. Kufikia 1961 walishapatikana walioishinda nayo.

Kwako wewe nashuku kipande cha tumbawe kimebaki ndani. Kama kipo, hakuna kidonge kitakachofaa mpaka kitolewe. Nenda hospitali leo. Wakifungue, wakisafishe, na wachukue sampuli ya ndani kabla hujameza dawa nyingine, ili maabara ioteshe bakteria na kujua dawa inayowaua. Majibu huchukua siku 2 au 3. Waambie ulijeruhiwa baharini, kwa kuwa baadhi ya bakteria wa maji ya chumvi hutaka dawa nyingine kabisa. Upimwe sukari, na uulizie chanjo ya pepopunda. Ukishikwa na homa, au uvimbe ukipanda kuelekea goti, hata iwe usiku wa manane, tafuta boti.

Wanaouza kapsuli nne nne kwenye karatasi bila kukitazama kidonda wanawadhuru watu, nasema wazi. Mtoto akichubuka, maji safi, sabuni na kitambaa safi mara nyingi vyatosha. Na anayekuahidi sindano moja ya kumaliza kila kitu, muulize: sindano gani, na ya bakteria gani?