Habeas corpus: ni mwili gani unaoletwa mahakamani?

Swali: Nilisoma habari kwamba mahakama "imeamuru polisi walete mwili" wa kijana aliyekamatwa. Nikadhani amefariki. Mwenzangu akaniambia hiyo ni habeas corpus tu. Je, ndivyo inavyotafsiriwa? (Msomaji, Nakuru)

Jibu: Sivyo, na ulikuwa na haki ya kushtuka. Katika habari zetu, mwili unaotambuliwa, unaosafirishwa au unaosubiriwa ni wa marehemu. Aliye hai hatumwiti mwili. Mzazi anayemtafuta mwanawe akisikia maneno hayo redioni, atalia kabla ya sentensi ya pili. Tafsiri ya namna hiyo inaumiza watu.

Neno kwa neno, Kilatini hicho cha habeas corpus ni "uwe na mwili". Kilikuwamo ndani ya amri za mahakama za Uingereza zilipokuwa zikiandikwa kwa Kilatini: anayemzuilia mtu alitakiwa aje naye mbele ya jaji, aeleze anamzuilia kwa sheria gani. Bunge la huko likaitilia nguvu amri hiyo kwa sheria ya 1679. Kwetu Kenya imo katika Katiba ya 2010. Kifungu cha 51 kinampa aliyezuiliwa haki ya kuiomba, na cha 25 kinaitaja miongoni mwa haki zisizoweza kuwekewa mipaka.

Si kwamba tafsiri ya neno kwa neno hukosea daima. Amicus curiae, yaani asiye mhusika wa kesi anayeisaidia mahakama kwa ushauri, ni rafiki wa mahakama, na imeshazoeleka. Lakini tazama prima facie, yaani "kwa mwonekano wa kwanza". Hakuna anayesema hivyo kortini. Ushahidi wa upande wa mashtaka ukitosha, tunasema mshtakiwa ana kesi ya kujibu. Hapo Kiswahili kimeeleza kinachotendeka, kikayaacha maneno ya Kilatini yalipo. Naipenda sana tafsiri hiyo.

Kwa hiyo andika "amri ya kumfikisha aliyezuiliwa mahakamani"; Tanzania wangesema "anayeshikiliwa". Ila usiishie hapo, kwa sababu kwa msomaji wetu kufikishwa mahakamani ni kushtakiwa, na katika amri hii anayetakiwa kujieleza ni aliyemzuilia. Habari uliyoisoma ingeandikwa hivi: "Mahakama imeamuru polisi wamfikishe kijana huyo mbele ya jaji na waeleze wanamzuilia kwa sheria gani."