Diski inalia tik tik, flashi ya 1TB na maswali yenu mengine

Haya jamani, wiki hii karibu wote mmeuliza kuhusu diski, na hapa ndo watu wanapopoteza vitu vyao kila siku, twende.

Laptopu yangu ina ramu GB 4 na diski GB 500, nafasi ipo kibao, mbona inajikokota? (Mbagala)

Ramu ni meza ya fundi cherehani, diski ni kabati lake la vitambaa. Kabati liwe kubwa vipi, meza ikijaa kazi inasimama. Umeme ukikatika kilichoko mezani kinapotea, cha kabatini kinabaki. Ongeza ramu.

Nimenunua diski ya 1TB Kariakoo, nachomeka naona GB 931, nimepigwa? (Tabata)

Hapana ndugu yangu. Kiwanda kinahesabu GB moja ni baiti 1,000,000,000, Windows inahesabu 1,073,741,824, ndo maana namba inashuka. Ya kuogopa ni ile flashi ya 1TB ya elfu kumi na tano, maana ndani unaweza kukuta GB 32 tu, wamechezea chipu yake idanganye kompyuta, unakopi inaenda vizuri kabisa, majina ya mafaili unayaona, siku unafungua video ya send-off ya dada yako haifunguki. Kabla hujaweka kitu ijaribu na programu ya H2testw, ni ya bure, inaijaza flashi yote afu inasoma upya inakwambia ukweli.

Mwanangu, diski yenye picha za marehemu baba yenu inalia tik tik, niendelee kuiwasha? (Kimara)

Shikamoo mama. Izime sasa hivi, tafadhali. Mle ndani kuna sahani zinazunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa kinachosoma kinaelea juu yake kwa nanometa chache, yaani chembe ya vumbi kwake ni mlima. Mlio huo mara nyingi ni kichwa kinatafuta njia hakipati, na kikiigusa sahani kinaikwangua. Niliwahi kufungua moja iliyokufa, sahani inang'aa kama kioo ila katikati kuna duara jembamba la mkwaruzo na unga mweusi pembeni, ule unga ndo zilikuwa picha za mtu. Usikubali fundi aifungue barazani kwenye vumbi, tafuta anayefanya kazi ya kuokoa data tu, hata kama ni ghali.

Nimefuta picha kwenye memori kadi kwa bahati mbaya, zinarudi? (Sinza)

Ukiwahi, mara nyingi ndiyo. Kufuta kunaondoa jina kwenye orodha, picha yenyewe ipo mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, kwa hiyo usipige hata picha moja tena, toa kadi, tumia programu ya PhotoRec kuzirudisha na uzihifadhi kwingine, sio kwenye kadi hiyohiyo. Ingekuwa SSD ya laptopu, yaani diski ya chipu isiyo na sahani, ningekuonea huruma, zile zinajisafisha zenyewe fasta.

SSD au HDD? (Kigamboni)

SSD kwa kazi za kila siku, HDD, ile ya sahani zinazozunguka, kwa kopi ya akiba. Ila SSD usiifungie kabatini miaka na miaka bila kuiwasha, inatunza vitu kwa chaji za umeme na chaji zinavuja taratibu.