Re: Natafuta ukoo wa babu aliyefariki Mombasa miaka ya 50

Salama ndugu. Nimekuelewa, unalo jina la babu na mji tu, na cheti cha kifo hamna.

Kabla hujahangaika na magazeti ya kawaida anza na Kenya Gazette, gazeti rasmi la serikali, inatoka tangu 1899 na matoleo mengi ya zamani yako Google Books bure. Tafuta matangazo ya mirathi, ni ya Kiingereza. Hapo utakuta jina la marehemu, alikoishi, siku na mahali alipofia, na cha maana zaidi ni yule aliyeomba kusimamia mali, mara nyingi wanaandika kabisa kama ni mjane au mtoto, basi hapo tayari una jina la pili la kufuata.

Usiandike jina kwa namna moja tu! Makarani waliandika walivyosikia, Mohamed, Muhamad, Mohammed, halafu kompyuta inayosoma kurasa zilizopigwa picha nayo inakosea herufi. Ukikwama tafuta jina la mtaa au kijiji, mimi hiyo ndo ilinitoa.

Ila kama hakuacha nyumba wala hela benki anaweza asiwepo kwenye Gazette, na Waislamu wengi mambo yao yaliishia kwa kadhi. Hapo sasa ndo uangalie Baraza, lile gazeti la Kiswahili lililoanza 1939, nenda Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue Nairobi uulize wana matoleo ya miaka gani.

Kama alikuwa na watu Tanganyika pitia na Mambo Leo, gazeti la Kiswahili la huko, wasomaji walikuwa wanatuma habari za kwao. Zanzibar sijawahi kutafuta, wenyeji watakusaidia.

Tuandikie hapa jina la baba yake na kijiji kama unavyo.